Mwenyekiti wa Kuchaguliwa kwa Kula

Kila Ijumaa, wanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya Tawa, Ukambani, walipokezana kuhutubu. Ukimaliza, wenzako wanataja ulipofaulu na ulipokosea, kisha mwalimu anatoa maoni. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Kasyoka. Mwalimu Mwangangi alikuwa akitafuta msemaji mmoja wa siku ya wazazi, na Kasyoka aliitamani nafasi hiyo kufa na kupona.

Alieleza jinsi akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana shambani, wanavyochimba matuta ili mvua isibebe udongo. Mwenyekiti wao alikuwa mama yake mzazi. Alipomaliza, alipigiwa makofi ya kilo.

"Hana kosa hata moja," akasema rafiki yake Muthoki.

Nadifa, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, akainua mkono. "Amehutubu vizuri. Lakini amesema mwenyekiti wa mwethya huchaguliwa kwa kula. Kwani anayemaliza sahani kwanza ndiye hushinda?"

Darasa likaangua kicheko.

"Sikusema kula, nilisema kula!" Kasyoka akajitetea, machozi yakimlengalenga.

"Nyinyi mnaocheka, hebu litamkeni hilo neno la uchaguzi," akasema mwalimu.

"Kula!" wakaitikia wote.

Mwalimu mwenyewe akacheka. "Kikamba chetu hakina 'r', ndiyo maana hamkusikia kosa. Kasyoka, hotuba yako ni nzuri. Rekebisha neno hilo, nikusikilize tena Jumatano."

Kasyoka alinuna weee! Lakini akiwa njiani kwenda nyumbani akawaza: je, angesema vile mbele ya wazazi, mama ameketi pale pale? Akarudi mbio kumtafuta Nadifa.

"Nifundishe," akasema.

Walirudia "kura, kura" hadi ulimi ukamchoka.

Jumatano alichaguliwa. Siku ya wazazi akatamka "kura" sawasawa, na mama yake akapiga vigelegele vya kusikika hadi sokoni.

Baadaye Mwalimu Mwangangi akawaita wasichana wote watatu. "Muthoki, ulimsifu kwa kumpenda, si vibaya. Nadifa, ulimwambia kosa kabla halijamwaibisha, ila siku nyingine punguza mzaha. Na wewe Kasyoka, ukikosolewa usinune."

"Nilinuna kidogo tu, Mwalimu."

"Mpaka jioni," akasema Nadifa.

"Basi huo pia ni ukweli," akacheka mwalimu. "Mshukuru anayekuambia."

Kasyoka akamshukuru, safari hii akitabasamu.