Blanketi la Kigongo

Asubuhi ya Jumatano makoti yalitoka kwenye mashine yakiwa ya moto, na bado yamelowa. Sabina alikamua la kwanza, maji yakamtiririka hadi viwikoni, nayo yalikuwa na mchanga. Akanusa vidole vyake. Mahali pale palinuka samaki kuanzia getini mpaka chooni, maana kilikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, lakini harufu hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya tope la kwenye matete, pale maji yanaposimama na kuoza.

“Baba Shimba,” alimwita mumewe, Venant, kwa sauti ya chini. “Njoo uone. Pipa la mashine limekuwa zito tena.”

Venant ndiye aliyekuwa fundi wa kiwanda, na mashine ile ilikuwa msalaba wake. Mwaka ule wa tisini na saba wazungu wanunuzi walitaka kila mkata minofu avae koti jeupe, kavu, lisiloanikwa nje kwa sababu ya inzi. Basi tajiri akaagiza mashine ya kukaushia nguo, tena mtumba, ikaja ndani ya kontena bila kitabu wala spea. Soko lilikuwa huria siku zile, kila walichochoka nacho wenzetu kilitufikia sisi kikiitwa kipya. Na wakaguzi walikuwa waje Jumatatu.

Venant alichomoa waya wa umeme, akafungua mlango, akasukuma pipa kwa kiganja. Pipa zima husukumwa kwa kidole kimoja likazunguka. Hili lilisogea kidogo, likasita, kisha likamrudishia mkono taratibu, kama mtu aliyelala anayekataa kuamshwa.

Alipapasa mkanda: mzima. Rola zilikuwa na grisi, beringi hazikulia. Kilichobaki ni kile kitambaa kizito kinachozunguka ukingo wa pipa ili lisikwaruze bati. Hapo Venant akakunja uso na kutazama pembeni, kwa kuwa kitambaa kile alikiweka yeye wiki mbili zilizopita, na alijua kilikotoka.

Kile cha zamani kilikuwa kimelika chote. Alitafuta kingine Mwanza nzima, hola. Katikati ya kutafuta, tajiri akamtuma Kigongo, kando ya ziwa, kutengeneza winchi, naye Venant akakuta watu wamekusanyika ufukweni. Mvuvi mmoja jina lake Ooko, mtu wa Mara, alikuwa ameopolewa baada ya siku tatu majini. Ndugu zake walimhamishia kwenye shuka jeupe wakaondoka naye. Blanketi walilomfunikia, la kijivu lenye mstari mwekundu, waliliacha juu ya jiwe, wakalikandamiza kwa jiwe jingine.

Kila aliyezaliwa kando ya ziwa anajua kwamba blanketi la aliyekufa maji haliguswi. Huachwa pale, ziwa lije lilichukue lenyewe limpelekee mwenyewe. Lakini Venant alikuwa mtu wa Kahama, nchi ya ng'ombe na vumbi, halafu alikuwa fundi. Fundi haoni blanketi la marehemu. Anaona sufu nzito, safi, bure kabisa. Alilichukua, akalinyoosha pembe kwa mkasi, akalikata vipande virefu na kuvigandisha kwenye ukingo. Pipa likazunguka kimya, watu wakampigia makofi.

“Limekwama koti,” alisema Odeta, msimamizi wa dobi, aliyeingia akiwa na haraka zake. “Sabina, ingiza mkono ulitoe. Mnangoja wazungu waje wavue samaki wenyewe?”

“Waya umechomolewa?” Sabina aliuliza.

“Huu hapa mkononi mwangu,” Venant akasema.

Sabina akainama, akaingiza mkono mpaka begani. Akasema kuna kitu kinateleza, halafu akasema si koti. Na pipa, lisilo na umeme, waya wake uko mkononi mwa Venant, likazunguka. Lilizunguka mara moja tu, kwa nguvu, na mfupa wa mkono wa Sabina ukalia kama kuni kavu, akapiga ukelele uliosikika hadi kwenye meza za kukatia minofu; Odeta akamrukia kiunoni kumvuta, mlango wa chuma ukajibamiza ukampata mdomoni, meno mawili yakaanguka sakafuni pamoja na damu, na Venant akashika nyundo akapiga bati, akapiga tena, akapiga huku akilia na kutukana, na kila alipopiga, kutoka ndani ya pipa kitu nacho kilijibu kwa magoti na visigino, du, du, du, mpaka maji ya ziwa yakafumuka mlangoni yakamwangusha chali.

Kisha kimya. Pipa likamwachia Sabina. Alikaa sakafuni, mkono ukining'inia, macho makavu, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nzito, ya kiume, yenye Kiswahili cha watu wa Mara.

“Baridi,” ilisema. “Nani amechukua changu?”

Hospitalini walimfunga plasta, wakamfunika mablanketi manne, na bado alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mwili wake ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Alipokohoa, alitema maji na vijani vya majini. Daktari aliandika malaria.

Siku ya pili mchana Odeta alikuja, mdomo umevimba, akiongozana na Bibi Akelo, kikongwe wa Kiluo anayeitwa kila ziwa linapotoa maiti.

“Shikamoo, bibi,” Venant alisema.

“Marahaba. Umechukua nini Kigongo?”

“Mimi? Sijachukua kitu.”

Sabina akakakamaa kitandani, maji yakamtoka puani. Bibi Akelo hata hakumtazama. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema polepole. “Nawe unaficha kwa kifo cha mwenzio.”

Venant akapiga magoti, akasema yote. Aibu ilimchoma kuliko hofu.

“Huyo marehemu si mwizi, wewe ndiwe mwizi,” Bibi Akelo akamwambia. “Ameona baridi, akaifuata sufu yake, akakuta na moto humo humo kwenye mashine. Sasa rudisha lote, hata uzi, kabla jua la leo halijazama. Asipofunikwa na chake, atajifunika na mkeo.”

Venant alirudi kiwandani akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, kisu mkononi. Kila kipande alichobandua, pipa lilimpiga. Lilimbana mbavu, likampasua paji la uso, likakamata mkono wa kushoto na kuung'oa ukucha wa kidole gumba, naye akaendelea kubandua huku akimwita mkewe kwa jina lake la usichana, akihesabu vipande kwa sauti mpaka ukingo ukabaki bati tupu.

Pikapu ya kiwanda iliwafikisha Kigongo, yeye na Bibi Akelo, jua likiwa limebakiza kidole. Alivipanga vipande juu ya jiwe lile lile, akavikandamiza. Hapakuwa na upepo. Wimbi moja likaja peke yake, likapanda jiwe, likarudi, na jiwe likabaki tupu.

“Ni lote?” Bibi Akelo aliuliza.

“Ni lote, bibi.” Na alisema hivyo kwa moyo mweupe.

Alipofika wodini, Sabina alikuwa amekaa, anakunywa uji. Shavu lake lilikuwa la moto, moto mzuri wa mtu mzima. Venant alilia bila kujificha, wagonjwa wengine wakageukia ukutani kumsitiri.

“Damu inakuingia machoni,” Sabina akamwambia, na akacheka kidogo. “Jifute, baba Shimba. Utawatisha watu.”

Venant akapeleka mkono kwenye mfuko wa nyuma wa ovaroli, kunakokaa kile kitambaa cha fundi, cha kufutia mikono, cheusi kwa grisi, ambacho hakuna fundi anayekikumbuka mpaka anapokihitaji. Akajifuta paji. Kitambaa kilikuwa kimelowa chepechepe, na pale kiliposugua damu, grisi ilitoka, ukaonekana mstari mwekundu.

Ndipo akakumbuka mkasi, na ile pembe aliyoikata ili kulinyoosha blanketi, akaitia mfukoni.

Dirishani giza lilikuwa limeshaingia. Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa, tone moja moja, juu ya kiatu chake.

“Baba Shimba,” Sabina alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya upole, akivuta blanketi hadi kidevuni. “Hebu funga hilo dirisha. Naanza kusikia baridi.”