Kibali Kilichokuwa Bado Njiani

Ndugu jamaa, hasa nyinyi mlioingia mjini na biashara za kurusha droni, nipeni masikio. Yaliyoifika nyumba ya dada mmoja na mdogo wake yangeweza kuifika yoyote kati ya nyumba zetu. Na msidhani walikuwa wahuni. Walikuwa watu wazuri.

Dada mtu alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipanga. Wazazi walipofariki, dada ndiye aliyemlea, kwa hiyo Kipanga alimheshimu kama mama na kumtania kama rafiki. Asubuhi hiyo palikuwa shwari kabisa. Dada alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa laini. Kipanga, mkate mdomoni, alikuwa akiikagua droni yao mpya.

Simu ikalia. Tajiri mmoja mwenye jengo jipya katikati ya mji alitaka video ya tangazo, ipigwe kutoka angani, leo hii hii.

"Bosi, tumeomba kibali, bado hakijatoka," dada alimwambia. "Na mdogo wangu hajafanya mtihani wa leseni."

"Kibali cha kidude kama hicho? Kama hamuwezi, semeni nitafute wanaoweza."

Sheria ya kwao ilikuwa wazi. Anayerusha droni kibiashara juu ya mji ni lazima awe na leseni, chombo kisajiliwe na kiwe na bima, asikipitishe juu ya watu, tena asikipoteze machoni. Dada aliijua yote hiyo. Kipanga pia.

"Dada, tunapaa, tunapiga, tunashuka," Kipanga alibembeleza. "Nani atatuona? Watu wa mjini hawatazami juu, wanatazama simu zao."

Dada akacheka. Hapo ndipo alipoteleza, jamaa zangu, maana kicheko kilimlainisha moyo. Jibu sahihi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, naye akalimeza.

"Haya. Lakini usikawie."

Waliirushia kwenye maegesho ya lile jengo. Mwanzoni mambo yalinyooka. Vioo viling'aa, picha ikatulia kama maji ya mtungini, na tajiri akasimama nyuma yao akichekelea. "Izungushe nyuma," akasema, "bustani nayo ionekane."

Kipanga akaizungusha. Droni ikapotelea nyuma ya ukuta.

"Dada, picha imeganda."

"Irudishe!"

"Hainisikii!"

Kilipokosa mawasiliano, chombo kikafanya kilichopangiwa: kikakata njia ya moja kwa moja kurudi kilipotokea. Njia hiyo ilipita kwenye jengo la zamani la makazi. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, mama mmoja mshonaji alikuwa akianika mashuka. Alisikia mvumo, akageuka, akainua mkono kukinga uso.

Ukelele wake ulifika hadi kwenye maegesho.

Tajiri alikuwa wa kwanza kuingia garini mwake. Kipanga, rangi imemtoka, akamshika dada yake mkono. "Twende zetu. Haijasajiliwa, haina jina la mtu. Nani atajua ni yetu?"

Kwa kitambo kidogo dada aliitazama barabara, na barabara ilikuwa nyeupe. Kisha akauchomoa mkono wake.

"Mtu anavuja damu, wewe unaniambia habari za usajili? Tangulia mbele yangu, panda ngazi!"

Walimkuta mshonaji ameketi sakafuni, shuka jeupe limelowa wekundu.

"Shikamoo, mama," dada alisema kwa mazoea, na papo hapo akaona haya.

"Marahaba ya nini, mwanangu? Nifunge mkono huu!"

Dada akavua mtandio wake, akaukaza kwenye jeraha. "Ile droni ni yetu, mama. Tumekukosea."

Hospitali ilimshona, lakini mshipa wa kidole cha shahada ulikuwa umekatika. "Daktari," mama alisema polepole, "kidole hicho ndicho kinachosukuma kitambaa."

Tajiri alipopigiwa simu achangie matibabu alijibu, "Mimi niliagiza video, sikuagiza ajali," akakata. Bima hawakuwa nayo, hivyo kamera kubwa iliuzwa, na taa za studio zikafuata. Mahakamani Kipanga alisema yeye ndiye aliyerusha, dada akasema yeye ndiye aliyeruhusu. Hakimu aliwasikiliza wote wawili, akawaadhibu wote wawili. Droni ikataifishwa.

Kila jioni dada alikwenda kwa mshonaji kumsaidia kushona vifungo. "Vifungo vyako vimekaa kama walevi," mama alimwambia, na siku hiyo walicheka pamoja kwa mara ya kwanza. Kipanga naye alijifungia na vitabu: upepo, mawimbi ya mawasiliano, sheria za anga. Mtihani wa kwanza ukamwangusha. Wa pili akaupita. Kidole cha mama kilipona, ila hakikukunjika tena sawasawa. Alijifunza kusukuma kitambaa kwa kidole cha kati.

Kazi yao ya kwanza halali, kwa droni ya kukodi iliyosajiliwa, ilikuwa kukagua mapaa yanayovuja, mtaa ule ule. Walifunga njia ya waenda kwa miguu, wakaweka mwangalizi kila kona, wakapita mlango kwa mlango kutoa taarifa. Mshonaji alifungua wake, akamtazama Kipanga kuanzia juu hadi chini.

"Leo mna kibali?"

"Tunacho, mama. Na leseni, na bima."

"Basi rusheni." Akageuka kuelekea kibarazani. "Lakini ngoja kwanza nianue nguo zangu."

FUNZO

Jamaa zangu, anga ya mji ina wenyewe, nao ni hawa wanaoishi chini yake. Kibali, leseni na bima viliwekwa kwa ajili ya mkono wa mama aliyekuwa akianika mashuka, asiyejua hata kama kuna kitu kinaruka. Mteja akikuharakisha kuvunja sheria, kumbuka kwamba siku ya msiba atakuwa garini, na wewe ndiye utakayepanda ngazi. Mwambie asubiri. Akikataa, mwache aende. Na ukishakosea, panda ngazi hizo haraka.