Mgeni Asiyenawa Mikono

Siku ile walikuwepo Mama Ottilia, mwenyekiti wa jumuiya yao. Agripina, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Flavia, msichana aliyekuwa akingoja kuposwa. Na Gaudiosa, na mwanawe Edmund mgongoni. Hao walitoka milimani, Ukata. Wa ziwani walikuwa wawili tu: Nazari mwenye boti, na shemeji yake Benno. Hao ndio waliopanda asubuhi. Hakukuwa na mwingine.

Mpaka leo Gaudiosa huwataja hivyo hivyo, mmoja mmoja.

Walikuwa wameshuka kubadilisha maharage kwa dagaa, kama walivyofanya mama zao. Kazi ikaisha mapema, na lori la kuwarudisha lilikuwa la kesho yake. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda Mbinga na magari yao, mitumba ikajaa minadani, na kila mwenye nguvu akajaribu biashara. Nazari naye alinunua injini iliyokwisha kutumika, akaifunga kwenye boti lake, akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: RUKSA.

"Wazungu wanatoka ng'ambo kuja kuzungushwa visiwa hivi," aliwaambia. "Nyie dada zangu mnakaa juu huko, mnalitazama ziwa kama picha ya ukutani. Nipeni hayo maharage yaliyobaki niwatembeze. Mtapika kisiwani, jioni mko hapa."

"Na boti likizama?" akauliza Agripina.

"Likizama nitakurudishia maharage yako."

Wakacheka. Gaudiosa peke yake hakucheka. Edmund alikuwa akilia tena. Mtoto yule alilia tangu alipozaliwa, usiku na mchana, na mama yake alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi. Lakini hakuthubutu kumlaza mbali naye hata kidogo. Wa kwanza alikuwa amemzika kabla hajaota jino. Huyu ndiye aliyebaki.

"Twende, mwanangu," alisema Mama Ottilia, akimpokea kikapu. "Upepo wa ziwa utamlaza, na wewe upumue."

Gaudiosa hakuwa mtu wa kusahau wema. Alikumbuka kwamba kwenye lori Flavia alimpisha akae mbele kwa dereva, na kwamba Agripina, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyemfulia nepi jana yake. Basi akaona aibu kukataa. Akapanda.

Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Nazari aliwapitisha kisiwa cha ndege, ambacho mawe yake yamekuwa meupe kwa kinyesi, akawaonyesha visamaki vya buluu na njano vikicheza chini ya maji maangavu. Flavia alipiga vigelegele. Hata Mama Ottilia alitia mkono majini akacheka kama msichana.

Alasiri wakashukia Likwenga.

Kilikuwa kisiwa chenye mchanga mbele na mawe makubwa nyuma. Chini ya mwamba mmoja walikuta mafiga matatu yamekwisha kupangwa, yameota kuvu. Mtu aliwahi kupika pale. Zamani sana.

"Tumerahisishiwa kazi," alisema Agripina, akawasha moto.

Ugali ulipoiva, wanaume walipewa chao wakaenda kulia kando ya boti, kwani plagi ya injini ilikuwa imelowa na Nazari alitaka kuikausha. Wanawake wakakaa kulizunguka sinia. Edmund akaanza kulia, na Gaudiosa, aliyekwisha kuzoea, akaweka tonge chini ili ambembeleze.

Hapo ndipo alipomwona.

Mwanamke alikuwa amesimama kati ya mawe mawili. Amejifunga kaniki nyeusi, kama walizovaa bibi zao. Hakusogea. Alisimama mbali kidogo na chakula, namna mgeni mwenye adabu anavyosimama akisubiri kuitwa.

"Karibu, dada," Gaudiosa alisema. "Karibu chakula."

Akaja. Akakaa.

Sasa, kwao milimani mgeni aliyekuta watu wakila haulizwi jina, wala atokako, wala anachotaka. Hulishwa kwanza. Akishiba, akanawa mikono, ndipo huulizwa. Kumhoji mtu ambaye mikono yake bado ina ugali ni sawa na kumhesabia matonge. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Walimsogezea sinia, basi.

Mwanamke alikula ugali mtupu. Samaki hakugusa.

"Ongeza kitoweo, dada," Agripina alimhimiza, akamsukumia na kibakuli cha chumvi. "Na chumvi hii."

Mkono wa mgeni ukarudi nyuma haraka, kama uliokaribia moto.

"Sili," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye hajazungumza muda mrefu.

"Ana presha, mwache," Mama Ottilia alinong'ona.

Edmund alikuwa bado akilia. Mgeni akageuka, akamtazama, kisha akanyoosha mikono yake miwili.

"Nikupokee, ule."

Gaudiosa alisita. Lakini mwanamke yule alikuwa na macho ya huruma, na tumbo la Gaudiosa lilikuwa tupu. Akampa.

Edmund akanyamaza. Palepale.

Miezi yote ile Gaudiosa hakuwahi kula chakula chote kwa mikono yake yote miwili. Siku ile alikula akashiba, na machozi yakamlengalenga kwa shukrani. Alimtazama mwanamke wa watu akimpembeza mtoto, akasema moyoni: Mungu akubariki, dada, popote ulikotoka.

"Haya, akina mama!" Nazari aliita. "Jua linatuacha!"

Wakanawa harakaharaka ukingoni, wakakusanya vyombo, wakapanda. Mgeni alipanda nao, mtoto mikononi, akakaa mbele kabisa, amelipa boti kisogo. Hakuna aliyeshangaa. Wanawake wa milimani walidhani ni ndugu yake Nazari, mtu wa ziwani anayeomba kuvushwa. Nazari, aliyemwona kwa mbali akila nao sinia moja, alidhani ni mwenzao. Wale wakiongea Kimatengo, huyu hasikii. Huyu akiongea Kinyasa na Benno, wale hawasikii. Kila upande uliona adabu kutouliza.

Jua lilizama. Milima ikawa myeusi. Injini ikaguna... tu, tu, tu... kama punda aliyezidishiwa mzigo.

"Benno, chota maji," Nazari alisema.

Benno alichukua kopo akachota. Akachota tena. Maji hayakupungua.

"Kuna tundu?"

"Hakuna. Nimepapasa kote."

Gaudiosa alisikia harufu. Harufu ya chungu cha zamani kilichofunikwa na unyevu ndani, na majivu yaliyonyeshewa. Ilitoka mbele. Kisha akasikia mlio.

Ti... ti... ti...

Ilikuwa kaniki ya yule mwanamke. Ilikuwa inachuruzika. Tangu kisiwani ilikuwa imelowa, na jua lote lile la alasiri halikuikausha. Maji yalitoka kwenye pindo lake yakateremka katikati ya boti, bila kukoma, mpaka kwenye kopo la Benno.

Nazari aliinama sikioni mwa Gaudiosa, aliyekuwa karibu naye.

"Dada. Huyu mwenzenu, asubuhi alikuwa wapi?"

"Mwenzetu?" Gaudiosa alinong'ona. "Si ndugu yako?"

Nazari alitupa macho mbele, kwa yule mwanamke.

"Alitoka wapi?"

"Pale tulipokula. Tulimkaribisha."

"Mlim...? Pale hakai mtu, dada. Hajakaa mtu tangu enzi za babu."

Injini ikazimika.

Kingo za boti zilibakiza kiganja kimoja tu kuingia majini. Mama Ottilia alishika rozari. Agripina akaanza kuchota maji kwa viganja.

Gaudiosa akasimama.

"Kaa, dada," mwanamke alisema bila kugeuka. Sauti ilikuwa ileile, ya upole. "Umechoka. Pumzika. Mimi nitamlaza."

Akainua mguu mmoja taratibu, akauvusha juu ya ukingo, akauweka majini. Maji hayakutoa sauti.

"Wangu nilimlaza huko," alisema. "Halii tena."

Gaudiosa alitaka kumrukia, lakini Nazari alimshika kanga. "Ukiruka tunapinduka wote!" Gaudiosa akamtazama mtoto wake. Edmund alikuwa macho, ametulia tuli, na juu ya kichwa chake ulikuwa mkono wa yule mwanamke. Kati ya vidole vyake kulikuwa na ugali uliokaukia.

Ugali.

Hakuwa amenawa. Wote walinawa ukingoni, yeye hakunawa. Alikuwa bado mgeni wao aliye kwenye sinia.

Gaudiosa alichukua kopo kwa Benno. Akatambaa kwa magoti ndani ya maji, akapita kwa Flavia aliyejifunika uso, akafika mbele.

"Dada," alisema. "Dada yangu, tumekukosea. Umekula kwetu na hakuna aliyekunawisha. Niletee mikono."

Mwanamke akageuka.

Gaudiosa hajawahi kusimulia vizuri uso ule. Husema tu kwamba haukuwa mbaya. Ulikuwa umetobolewa na vijishimo vya ndui, na ulikuwa uso wa mtu aliyengoja akasahauliwa.

"Mtu hunawishwa mikono yote miwili," Gaudiosa alisema kwa upole, akisubiri na kopo lake.

Mwanamke alirudisha mguu wake ndani ya boti. Kisha akamlaza Edmund mapajani mwa mama yake, akanyoosha mikono.

Mtoto alikuwa wa baridi, mzito kama mtungi uliojaa. Gaudiosa alimbana kwa magoti, asimwache, akaanza kumimina. Ugali ukatoka. Kisha likatoka tope. Kisha majivu. Alimimina, akachota, akamimina, akivisugua vile vidole kwa kidole gumba chake, kimoja kimoja, kama anavyomnawisha mama mkwe wake. Na kadiri alivyovisugua ndivyo vilivyopungua mkononi mwake, kama sabuni.

"Sasa umenawa," alisema. "Naweza kukuuliza. Unaitwa nani?"

Mwanamke akainama, akamwambia sikioni. Hakuna mwingine aliyesikia.

"Haya," alisema mwanamke. "Nimeshiba. Niende wapi sasa?"

Na Gaudiosa, kwa hofu, kwa huruma, kwa mazoea ya mdomo ya kila anayemuaga mgeni wake, akajibu:

"Karibu tena, dada. Karibu nyumbani."

"Gaudiosa!" Mama Ottilia alilia nyuma yake.

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Gaudiosa akainua kopo amimine tena. Maji yakaanguka kwenye ubao mtupu, pale mwanamke alipokuwa amekaa.

Boti likainuka ghafla kama punda aliyetuliwa mzigo. Edmund akakohoa, akatapika maji kidogo, kisha akalia. Akalia kwa sauti yote aliyojaliwa, na wote mle ndani wakalia pamoja naye. Nazari alivuta kamba ya injini mara moja tu, ikawaka.

Ufukweni, baada ya kunywa uji wa moto kwa mama yake Nazari, ndipo walipoelezwa kidogo. Wakati wa ndui, bibi yule alisema, watu wa milimani walioshuka kubadilisha nafaka wakaugua hukuhuku walivushwa Likwenga. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Walipelekewa unga, ukaachwa juu ya jiwe. Chumvi haikupelekwa, ilikuwa adimu. Waliambiwa watafuatwa.

"Wakafuatwa?" Gaudiosa aliuliza.

Bibi yule alichochea moto.

"Sisi tukila pale," alisema, "hatusemi karibu."

"Mbona hukutuambia?" Agripina alimgeukia Nazari.

"Ningewaambiaje?" alisema Nazari. "Nilidhani mngemkaribisha nani, na hakuna mtu?"

Nazari hakurudi tena Likwenga. Aliifuta ile rangi nyekundu ubavuni, akarudi kwenye uvuvi wa dagaa. Gaudiosa alirudi Ukata na mwanawe. Edmund aliendelea kulia mpaka alipoota meno, na mama yake hakulalamika tena hata siku moja. Alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua.

Jirani walimwona tu na tabia moja mpya. Jioni, kabla ya kufunga mlango, alisimama kidogo kizingitini, akitazama njia inayopanda kutoka upande wa ziwa. Wakimuuliza anamngoja nani, alisema hamngoji mtu.

Baada ya masika ya pili akajifungua mtoto wa kike. Mkunga alisema hajapata kuona mtoto anayezaliwa na mikono safi vile. Kanisani aliandikwa Tadea. Nyumbani mama yake alimpa jina jingine, la zamani, ambalo mume wake aliuliza limetoka kwenye ukoo upi. Gaudiosa alisema ni jina la mgeni aliyewahi kumsaidia kumpokea mtoto.

Binti huyo sasa anasoma darasa la pili. Ni mpole, anapenda kubeba watoto wa wenzake, na watoto wakiwa mikononi mwake hawalii.

Chakula chake hupakuliwa kwanza, kabla chumvi haijatiwa.