Chupa ya Bi Mwanne

Jua lilikuwa linazama Hamidu alipotoka kwake mtaa wa Picha ya Ndege kumpelekea mteja wa Tangini chupa ya mwisho ya pombe aliyoleta safari ile. Alikuwa kondakta wa basi la Zambia, na kwa uongo alikuwa fundi.

Mpakani msafiri huruhusiwa kupita na chupa moja ya pombe kali na sigara kidogo, kwa matumizi yake mwenyewe. Hamidu alikuwa na sanduku zima. Kwa hiyo kila safari aliwagawia abiria. "Ukiulizwa, sema ni vyako." Watu walikubali kwa soda na biskuti.

Aliyekataa ni mmoja tu, Bi Mwanne wa Kurui, mwalimu wa madrasa, aliyekuwa anatoka kumwona binti yake. Aliposhuka kutawadha, Hamidu akamtumbukizia chupa na sigara mkobani, chini ya kanga.

Ofisa wa forodha alipozitoa, bibi wa watu akapaza sauti. "Si vyangu! Wallahi sijawahi hata kuonja!"

Hamidu akaona ataumbuka. Akaapa mbele ya wote, "Wallahi ni vyake. Bibi anaona haya tu."

Basi zima likaangua kicheko.

Kicheko kile kilifika Kurui kabla yake. Wazazi wakawatoa watoto madrasa. Bi Mwanne akajifungia ndani, akakataa chakula mpaka akafa, na waliomzika hawakutosha hata kupokezana jeneza. Hamidu alipopata habari alisema, "Mungu amrehemu," akaendelea na safari zake. Roho ya paka!

Sasa alikuwa amekata njia katikati ya viwanja visivyojengwa. Akasikia harufu ya sigara... kisha ubani... kisha udongo mbichi.

Juu ya bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, alikaa mwanamke aliyejifunika shuka jeupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

"Nini, bibi?"

Akainua uso. Puani mlikuwa na pamba.

Hamidu akataka kukimbia. Miguu ikagoma.

"Chupa hiyo ni ya nani?" Bi Mwanne alinong'ona. "Sema kweli leo, tuachane."

Alipewa nafasi, jamani. Angesema tu "ni yangu", yangeisha pale pale. Lakini mazoea yana taabu.

"Ya... yako, bibi. Chukua."

"Ni yangu?"

"Wallahi ni yako!"

Bi Mwanne akatikisa kichwa.

"Kama ni yangu, nakupa wewe. Uwe nayo mpaka kaburini."

Hamidu alipopepesa macho, bikoni ilikuwa tupu. Akaitazama chupa. Kizibo hakijaguswa, ndani hamna hata tone.

Nyumbani mkewe, Naila, aliziba pua. "Hamidu, umeanza kunywa?" Hamidu akaoga, akasugua meno mpaka damu. Akafunga swaumu. Kadiri alivyofunga, ndivyo pombe ilivyozidi kunuka kinywani mwake. Tajiri wa basi akamfukuza kazi. Naila naye akafungasha, akarudi kwao.

Ndipo Ijumaa moja Hamidu akaenda Kurui. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Akamwendea Mzee Mwinyimadi, kaka wa marehemu, akapiga magoti mbele ya kadamnasi.

"Mzee, dada yako hakuwa mlevi. Chupa ilikuwa yangu mimi! Nilimsingizia."

Mwinyimadi aliinama kumsikiliza, akarudi nyuma ameshika pua.

"Unakuja kumtaja marehemu wetu umelewa?"

"Wallahi sijawahi hata kuonja!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Kisha uwanja mzima wa msikiti ukaangua kicheko, na Hamidu akakitambua, maana ni kile kile cha kwenye basi.

Wakamburuta hadi barabarani. Alipogeuka, nyuma ya watu aliona shuka jeupe. Lenyewe halikucheka. Lilisimama tu, likamtazama, na upepo ukaleta harufu ya sigara.