Feni Iliyokwama

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu, mpima ardhi. Alinisimulia mara moja tu, nami sikumwomba arudie.

Feni ya hita ya gari lake ilikuwa ikikwaruza, kisha ikakwama. Kesho yake alikuwa na safari ndefu ya kumpeleka mkewe hospitali, na daktari alikuwa ameonya kwamba baridi itammaliza. Fundi alitaka kubadilisha feni nzima. Yeye akaamua kuisafisha mwenyewe nyumbani. Akachomoa nyaya za umeme za feni, akalala chali chini ya dashibodi. Mkewe, ambaye dawa zilikuwa zimemnyonyoa nywele zote, alijilaza kwenye kiti cha nyuma ndani ya blanketi.

"Baba watoto, rahisi ghali," akamtania.

"Subiri uone, mama. Kesho utaniomba nifungue madirisha."

Mwanga wa tochi haukuifikia feni. Akapapasa gizani, akagusa nywele ndefu zilizojizungusha kwenye mhimili. Akazivuta.

"Aii! Taratibu," mkewe akasema. "Unaniumiza kichwa."

Akaziachia. Nyaya alizozichomoa bado alikuwa nazo mkononi. Ndani humo feni ikaanza kuzunguka polepole, kwaru, kwaru, ikizivuta zile nywele, na kule kwenye kiti cha nyuma mkewe akaanza kulia.