Siku Kifua Alipoitwa Mbele ya Wakwe

Amri za kijeshi nazijua zote, mtaani kwetu hakuna wa kunishinda. Basi tu kushoto na kulia bado nazichanganya. Lakini kisasi nakielewa vizuri, na kisa hiki ni cha kisasi.

Mjukuu wangu ni askari. Alichumbiwa na askari mwenzake, nami nikampa yule kijana jina la Kifua, maana kifua chake kilikuwa kinaingia mlangoni kabla yake. Nilimpenda, nisiwadanganye. Kisha wote wawili wakachaguliwa kwenda kozi ya viongozi wadogo. Wiki ya kwanza tu, mabweni yanatazamana, Kifua akamtumia ujumbe kwenye simu:

"Siwezi kuoa mwanamke anayetaka kuniamrisha. Nimepata mwingine. Usinitafute."

Huyo mwingine alikuwa binti wa mfamasia.

Mjukuu wangu alinipigia akilia mpaka nikahisi simu imelowa sikioni. Nikamwambia alie mpaka Jumapili, Jumatatu aanze kazi. Akaniuliza kazi gani.

"Shika nafasi ya kwanza," nikamwambia. "Hiyo anaitaka kuliko anavyokutaka wewe na huyo binti mkijumlishwa."

Sasa, tuzo ya kiongozi bora haitolewi kwa kutanua mabega. Mbali na mitihani, wanafunzi wote thelathini na wanne hupiga kura ya siri: kila mmoja anaandika nani angependa amwongoze mahali pa hatari. Zamu ya Kifua ya kuongoza ilipofika, alishika ramani akawapandisha wenzake kilima kisicho chao, akakataa kuulizwa, wakashinda juani bila maji. Zamu ya mjukuu wangu, mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Akambebea mzigo, akapunguza mwendo wa kundi zima, wakafika wote na kwa wakati.

Alipata kura thelathini na mbili. Yake mwenyewe haruhusiwi kujipigia. Ile nyingine iliyokosekana sina haja ya kuwaambia ni ya nani.

Jumamosi kabla ya gwaride la kumaliza kozi alikuja nyumbani kupiga pasi sare zake. Simu ikaita. Akaiweka kwenye spika, akaendelea na pasi.

"Mpenzi," Kifua akasema.

"Huyo mpigie kwao, kwa mfamasia."

Akacheka kidogo, halafu akamwaga shida yake. Wakwe watarajiwa wanakuja kwenye gwaride. Yeye amewaambia ndiye kiongozi bora, na kiongozi bora ndiye anayeongoza gwaride. Mfamasia ameahidi akilishuhudia hilo kwa macho yake, siku ya harusi itapangwa pale pale.

"Sema unaumwa, unichague mimi nishike nafasi yako," akambembeleza. "Siku moja tu. Kwa mapenzi tuliyokuwa nayo."

Pasi ikasimama juu ya suruali. Miaka mitatu alimpenda yule kijana, msidhani ni rahisi. Ilibidi niinyanyue mimi kabla kitambaa hakijaungua.

"Ungeniomba figo ningefikiria," mjukuu wangu akasema. "Hii hupati."

Akakata simu.

Siku ya gwaride nikajikuta, kwa kujipenyeza kidogo, nimeketi jirani na mfamasia, mkewe na binti yao. Mfamasia alikuwa na mfuko wa karatasi magotini. Nikauliza, kama mtu asiye na habari, kama wamemletea mtu zawadi. Mkewe, mama mpole wa watu, akanionyesha ujumbe wa asubuhi ile:

"Mama, nimeamka sauti imekauka kabisa. Gwaride nimemwachia dada mmoja anisaidie."

Kumbe kwenye mfuko ni dawa ya koo. Nikawapa pole nyingi, nikaomba njia nikamsalimie mjukuu wangu nyuma ya jukwaa. Nikamnong'oneza yote. Akaweka kofia yake sawa.

"Asante, bibi. Rudi ukakae."

Aliongoza lile gwaride hadi nikasahau magoti yangu. Mwishoni wana desturi moja: kiongozi bora humwita mwanafunzi yeyote mbele ya wageni, ataje namba yake, jina, na nafasi aliyoshika. Asiposikika anarudia. Kwa kawaida huitwa rafiki, apigiwe makofi.

"Mwanafunzi wa tano, mstari wa nyuma. Mbele, tembea."

Kifua akaja. Akataja namba kwa kunong'ona.

"Sijasikia. Rudia."

Akarudia, juu kidogo.

"Wageni wa nyuma hawajasikia. Utarudia mpaka wasikie."

Mkuu wa chuo alikuwa anamtazama, fimbo kwapani. Kifua akakijaza kile kifua, akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. Namba. Jina. Halafu:

"Nafasi ya thelathini na moja kati ya thelathini na nne, afande."

"Umesikika," mjukuu wangu akasema. "Rudi mstarini."

Mfamasia akaukunja mfuko wake taratibu. Gwaride lilipovunjwa, Kifua akatufuata pale tulipo. Binti hakumpa mkono.

"Sauti imerudi ghafla, baba," Kifua akasema.

"Na hiyo nafasi ya thelathini na moja," mfamasia akamuuliza, "nayo imekuja ghafla?"