Mbuzi Watatu Kwenye Santuri

"Abdille, zima hiyo kitu."

"Dada Kalunde, hawa watu wamenunua soda ndio wasikilize. Nikizima watanivunjia duka."

Kalunde alisimama mlangoni mwa duka la Abdille, sokoni Mukuyuni, uso umemwiva kwa hasira. Ilikuwa mwaka wa 1979, na santuri mpya ya Kisilu ilikuwa imeteka soko zima. Nyimbo nane, na kwenye jalada Kisilu mwenyewe amekumbatia gita la umeme kama mtoto mchanga. Waliomrekodi Nairobi waliuita muziki ule bluzi. Mukuyuni hawakujali jina. Gita lilikuwa likilia polepole, kisha sauti ya Kisilu inaingia na kulia kulishinda, na wanaume wazima wanainamisha vichwa.

"Kalunde wa Ndeti," Kisilu aliimba kwa Kikamba, "nilileta mbuzi watatu kwa baba yako. Mbona mmewarudisha?"

Hapo ndipo moto ulipowakia. Kwa Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo wakipokelewa kwa kina msichana, huyo ni mke wa mtu. Wakirudishwa, ndoa imevunjika. Kalunde, ambaye hakuwahi kuolewa, alikuwa ameolewa na kuachika ndani ya wimbo mmoja. Wazee wa kanisa walikuwa wameshamtoa kwenye kwaya mpaka ijulikane yeye ni mke wa nani.

Ukweli ni kwamba Kisilu, mpenzi wake, hakuleta hata mbuzi mmoja. Kila akiulizwa alisema mwezi ujao, mwezi ujao, halafu akapotelea Nairobi.

Jioni hiyo Mzee Ndeti alimwita binti yake.

"Hizo mbuzi zilikulwa na nani? Mimi sikuona hata kwato."

"Hakukuwa na mbuzi, Baba."

"Basi aseme hivyo mbele ya watu, na mdomo ile ile aliimba nayo. Akikataa, kwangu asikanyage tena. Na wewe umsahau."

Kumsahau! Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Kalunde alikuwa akikohoa tangu siku ya kwanza alipomwona yule mpiga gita mwembamba.

Jumamosi mchana baba na binti waliteremka Matinyani, Kitui, ambako bendi ya Kisilu ilikuwa na dansi. Ukumbi wa mabati ulijaa hadi madirishani, jenereta inanguruma nyuma. Mzee Ndeti alibaki mlangoni. Kalunde alipasua umati moja kwa moja mpaka jukwaani. Kisilu alipomwona, vidole vilimkwama kwenye nyuzi.

"Kalunde. Umekuja."

"Nimekuja kuuliza rangi ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Zile ulileta kwetu. Tumezitafuta, hatuzioni."

Kisilu alijikuna shingo.

"Hiyo ni wimbo tu, Kalunde. Bluzi bila kuachwa haiendi. Huko studio waliniuliza, nani alikuacha? Nikakosa jibu. Hakuna mtu amewahi kuniacha. Wewe ulikuwa unaningoja."

"Kwa hivyo ukanifanya nikuache."

"Nilikuimba juu ni wewe peke yako uko kwa roho yangu."

"Na mbuzi ambazo mama yako alikufugia za ntheo?"

Kisilu alitazama gita lake. Kalunde naye akalitazama, na akaelewa.

"Uliniuza ukanunua gita."

"Nilikuwa nataka nikuje kwenu nikiwa mtu ana jina."

"Jina umepata. Yangu ndiyo umeharibu. Sasa imba hiyo umeniambia."

"Watanicheka."

"Mimi wamenicheka tangu hiyo santuri itoke."

Mutie, mpiga besi, akainama kati yao. "Kisilu, watu wanangoja. Tunapiga ama tunafunga vyombo?"

Kisilu akafumba macho. Akavuta nyuzi mara moja, gita likalia, na ukumbi ukatulia.

"Kalunde hakuniacha," aliimba. "Mbuzi sikuwaleta. Niliwauza nikanunua waya na mbao. Mimi ndiye niliyemwacha mlangoni, na bado naomba anifungulie."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akaita, "Rudia hapo." Kisilu akarudia. Mutie akaingia na besi, ngoma zikapanda mbio, watu wakaanza kupiga mabati kwa viganja, na ule wimbo wa kilio ukageuka dansi kubwa. Kalunde alijikuta anacheza, machozi yanamtiririka, na hakujali nani anamwona.

Kisilu aliruka kutoka jukwaani na kwenda kwa Mzee Ndeti, akamnyooshea gita kwa mikono miwili.

"Mzee, chukua."

"Sitaki kitu ya kelele," alisema Ndeti. "Mimi nangoja mbuzi. Ukuje nazo mchana, watu waone."

Baada ya mavuno, siku ya soko, Kisilu akakatiza Mukuyuni akivuta mbuzi watatu, vumbi mpaka magotini. Soko zima lilimfuata, Abdille mbele, kwaya ya kanisa nyuma. Mzee Ndeti akasimama uani kwake na kumgeukia binti, kama desturi inavyotaka.

"Kalunde, nipokee ama nirudishe?"

Sasa uwezo wa kuwarudisha mbuzi ulikuwa wake kweli, si wa wimbo. Alimtazama Kisilu taratibu, kuanzia viatu mpaka nywele. Jasho lilimtoka yule bwana, na Kalunde akamwacha alowe kidogo.

"Ukikosa wimbo tena, utaniimba nimefanya nini?"

"Nitakuuliza kwanza."

"Na nikikataa?"

"Nitaimba juu ya jirani."

Kalunde akacheka, akamnyang'anya kamba na kumpa baba yake.

"Pokea, Baba. Na moja ichinjwe saa hii, kabla hajafikiria kununua ngoma."